Mistari ya Upande wa Njia

Jani la kwanza kugeuka rangi, Restuta alilikata mwenyewe akawatupia kuku. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari. Mvua ilikuwa imesimama kwa siku tisa, na jua la Mbozi, ambalo wageni hudhani halina makali kwa sababu ya ubaridi wa asubuhi, lilikuwa likichoma migongo ya watu mashambani. Jani moja la njano kwenye shamba lenye mashina zaidi ya mia mbili ya maboga si habari. Alifuta kisu kwenye khanga yake, akaendelea kuchuma.

Wenzake pale kijijini walipanda maboga katikati ya mahindi, mbegu tatu hapa, mbegu tatu pale, wakayasahau mpaka mavuno. Restuta aliyatengea shamba lake yenyewe, mistari kumi na miwili iliyonyooka, kwa sababu alilima kwa ajili ya majani. Tunduma ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, na pale sokoni kulikuwa na wanawake wa ng'ambo ya mpaka waliokuwa wakiyanunua mafungu kwa mafungu kila Jumanne na Ijumaa. Wao waliyaita chibwabwa. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Nakonde, mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa kupembua, ambaye kila mtu alimwita Bana Mercy, yaani mama yake Mercy. Kwa ajili ya Bana Mercy na wenzake, Restuta alichuma mistari minane ya upande wa njia. Minne ya mwisho, iliyopakana na mahindi ya shemeji yake, hakuigusa. Hiyo aliiacha izae.

Hakuwa mzaliwa wa pale. Alitoka Ibaba, kwenye milima ya Ileje, akaja kuolewa na Anyosisye miaka ishirini na minane iliyopita, na hata sasa wapo waliomwita Mndali, kwa utani ambao haukuwa utani sana. Anyosisye alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tangu matanga yalipoisha, Restuta alikuwa akisubiri. Alishaona mambo yanavyokwenda kwa wajane wengine. Kwanza ndugu wa mume huja kukujulia hali. Halafu wanakuja wakitembea shambani kwa hatua ndefu ndefu, wakihesabu kimoyomoyo. Halafu siku moja unaambiwa kwamba mwanao amekua, kwa nini usiende kukaa naye.

Mwanawe, Barnaba, alikuwa Mkwajuni, akiendesha pikipiki kupeleka watu machimboni. Na Ezron, mdogo wa marehemu, hakuja kupima. Mwaka wa kwanza hakuja, wa pili hakuja, wa tatu hakuja. Badala ya kumtuliza Restuta, jambo hilo lilimkaza zaidi, kama mtu aliyeona umeme ukimulika na bado anangoja radi.

Kwa hiyo majani yalipozidi kugeuka, yeye alikuwa na jibu kabla ya swali.

Njano yenyewe haikuwa ya kawaida. Jani zee la boga likichoka hugeuka lote, likanyauka, likaanguka. Haya yalikuwa na mabaka, njano na kijani vikiingiliana kama ramani iliyochorwa vibaya. Majani machanga ndiyo yalikuwa mabaya zaidi: yalitoka membamba, yamejikunja, yamekunyata kama kitambaa kilichokamuliwa kikasahauliwa bila kuanikwa. Restuta alijaribu majivu. Akajaribu mbolea ya kukuzia, konzi ndogo kwa kila shina. Mashina yakarefuka na njano yake ileile.

Ndipo akakumbuka siku ya pili baada ya Krismasi. Ezron alikuwa amepita kwenye mahindi yake akiwa na bomba mgongoni, akipuliza dawa ya kuua magugu, na harufu yake ilimfikia Restuta akiwa amesimama mlangoni kwake. Ikiwa harufu ilifika, na dawa ilifika. Na kila mtu anajua dawa ile hukunja majani ya maharage na maboga inapoyagusa.

Hakwenda kumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Zabron, akaomba kikao.

Kikao kilikaa Jumamosi nyumbani kwa mwenyekiti. Kwanza wazee wanne, mwenyekiti akiwa mmoja wao, walitembea hadi shambani, wakasimama njiani, wakatazama mistari ya mbele ilivyopinda na kupauka. Mmoja wao akatikisa kichwa na kusema, "Hii ni sumu." Walirudi, wakaketi. Restuta alisimama na kusema aliyokuwa nayo, na alisema mengi kuliko alivyopanga. Alisema kwamba mume wake angekuwepo, asingefanyiwa hivyo. Alisema kuna njia nyingi za kumfukuza mwanamke kwenye ardhi, na nyingine hazina kelele.

Ezron alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mwenye mgongo uliokwisha kuinama kwa maumivu ya muda mrefu. Alikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaohudumu mezani siku za ushirika mtakatifu. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Nilipuliza," alisema. "Siwezi kukataa. Na upepo ulikuwepo. Niliuona ukitikisa mahindi, nikajiambia nitamaliza haraka kabla haujazidi." Akaigeuza kofia. "Sikudhani utafika mpaka kwa shemeji."

Watu walikuwa wamejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Mzee Zabron alitazama huku na huku kana kwamba anatafuta mtu mwingine wa kusema. Mwishoni akasema basi, kosa limekubaliwa, tunamshukuru kwa ukweli wake, na apate kumwomba radhi mjane wa kaka yake. Ezron alimwomba radhi Restuta mbele ya watu wote. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba msimu huo hatapuliza tena hata mara moja. Atapalilia kwa jembe.

Jumapili iliyofuata alimwambia mchungaji kwamba anaomba kupumzika kuhudumu mezani. Hakueleza, lakini nani hakujua? Watoto waliotoka kuchota maji walianza kumwita Mzee Sumu, si mbele yake, ila si mbali sana naye.

Restuta alirudi nyumbani siku ile ya kikao akitegemea kuona nafuu ndani yake. Alikula vizuri. Alilala vizuri. Jumanne asubuhi alichukua kisu, akaanzia mstari wa kwanza kama kawaida, akiyaruka mashina yaliyoharibika na kukata yale mazima, na yaliyokuwa katikati, yenye njano kidogo tu pembeni, akayakata pia na kuyaficha ndani ya fungu.

*

Mvua ilirudi. Mahindi ya Ezron yalisimama. Kutoka shambani kwake Restuta aliwaona kila siku, Ezron na mkewe Yunisi, wakipalilia kwa jembe kipande ambacho bomba lingekimaliza kwa asubuhi moja. Ezron alikuwa akilima hatua kumi, anasimama, anaweka kiganja kiunoni, anatazama juu kama anayesoma mawingu, halafu anainama tena. Yunisi hakumtazama Restuta kabisa.

Na njano iliendelea.

Mstari wa tatu ulikwisha, wa nne ukashika. Wiki mbili baadaye mstari wa sita ulikuwa na mabaka. Restuta alijiambia kwamba sumu huchelewa. Kisha akajiambia kwamba labda Ezron hupuliza kwa siri, ingawa alikuwa akimwona kwa macho yake akiua mgongo wake kwa jembe. Wazo hilo lilimjia, naye hakulifukuza upesi kama ilivyostahili.

Ijumaa moja Bana Mercy alilifungua fungu la tatu, akalifungua la nne, akayarudisha yote kwenye beseni.

"Mama Barnaba," alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "chibwabwa yako leo ni mgonjwa. Mimi nikiuza hii Nakonde, watu watanicheka."

"Ni dawa ya jirani tu."

"Dawa ya jirani? Mwezi mzima?" Bana Mercy alimtazama kwa upole, na upole ule ulimuuma Restuta kuliko kukataliwa. "Tafuta mtu aangalie, mama. Sio kuangalia ya kusimama. Kuangalia ya kuinama."

Jumatatu Restuta alikwenda ofisi ya kata akaandikisha jina lake, na Jumatano bibi shamba akaja.

Aliitwa Jenista, msichana wa miaka kama ishirini na sita, akiendesha pikipiki mwenyewe, buti zake zikiwa zimekauka tope la vijiji vitatu tofauti. Alikataa kiti. Alikataa chai, akasema ataikumbuka wakimaliza. Restuta alianza kumweleza habari ya dawa ya magugu, upepo, na siku ya pili baada ya Krismasi, naye Jenista akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Nani alisema ni dawa?" aliuliza.

"Watu," alisema Restuta.

"Sawa. Shamba lililopulizwa ni lipi?"

Restuta alionyesha ng'ambo. Jenista hakuanzia mistari mibaya. Alikata shamba lote mpaka mpakani kwa Ezron, akachuchumaa, na Restuta akamfuata kwa sababu hakujua lingine la kufanya. Pale mpakani kulikuwa na kishonanguo kilichomea chenyewe, na maharage machache yaliyojiotea kutoka msimu uliopita.

"Mama, hebu tazama maharage haya."

Yalikuwa na maua. Majani yake yalikuwa mapana, hayana mkunjo.

"Dawa ile ikipeperushwa, huanza na wa karibu," alisema Jenista. "Haya yangejikunja ya kwanza. Na maboga haya ya mpakani yangekuwa yameungua kuliko ya kule njiani. Sasa yapoje?"

Restuta aliyatazama. Mistari yake minne ya mwisho, ile asiyoichuma, ilikuwa ya kijani kibichi, imetambaa na kuparamiana, na chini yake maboga yalikuwa yameanza kukaa kama mawe ya mtoni. Alikuwa ameyaona siku zote. Alishajieleza kwamba upepo hupita juu na kuangukia mbele. Alilisema jambo hilo kwa sauti sasa, na likasikika jinsi lilivyo.

Jenista hakucheka. "Upepo huo ungekuwa na akili sana," alisema tu.

Walirudi upande wa njia. Jenista alichukua jani lenye mabaka akaligeuza. Chini yake, kando ya mishipa, kulikuwa na vijidudu vya kijani, vidogo kuliko punje ya ulezi, vimebanana, havikimbii.

"Vidukari. Hawa wanafyonza. Mmoja akitoka kwenye shina gonjwa akaja kuonja lako, anakuachia ugonjwa. Huu ni ugonjwa wa virusi, mama, unaitwa batobato. Labda wakati ule wa jua, mvua iliposimama, ndipo walipoingia." Alisimama, akaweka mkono usoni kukinga jua, akatazama mistari kwa urefu. "Ila kuna kitu sikielewi. Vidukari wangeruka hovyo, shina hili, shina lile kule. Ugonjwa wako umekwenda kwa mpangilio. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mpaka wa sita. Halafu wa saba umeanzia mwanzoni tu, nusu yake bado nzima." Akamgeukia. "Unachuma vipi? Nionyeshe."

Restuta alishangaa kuulizwa jambo rahisi kama hilo. Alitoa kisu kwenye fundo la khanga. Alianzia alikoanzia siku zote, shina la kwanza la mstari wa kwanza, karibu na njia. Alishika ncha kwa mkono wa kushoto, akakata. Utomvu ulitoka, maji mazito kidogo, ukaloanisha kidole gumba na ubapa wa kisu. Akahamia shina la pili. Akakata. Kabla ya la tatu alifuta kisu kwenye khanga, na doa likaongezeka juu ya madoa mengine ya kijani ambayo hayakutoka hata kwa sabuni ya mche. Akakata la tatu.

"Simama hapo, mama," alisema Jenista polepole. "Tazama mkono wako."

Restuta alitazama mkono wake.

Alielewa kabla hajaambiwa. Kila Jumanne na kila Ijumaa, tangu mwanzo wa Januari, alikuwa amechovya kisu katika shina gonjwa na kukipeleka kwenye shina zima, moja baada ya jingine, akiyaruka yaliyokwisha kuharibika tu, mstari kwa mstari, mpaka alipochoka au beseni lilipojaa. Pale alipoishia kuchuma, ndipo ugonjwa ulipoishia. Mistari ambayo mkono wake haukuigusa ilikuwa imesimama salama, ikipakana na adui yake.

"Ni mimi," alisema.

"Ni ugonjwa," alisema Jenista. "Hukujua. Wengi hawajui. Mimi mwenyewe mpaka nilipofundishwa." Akaanza kumweleza ya kufanya: batobato haina dawa, shina likishaipata haliponi. Ang'oe yote yenye mabaka, ayafukie mbali au ayachome, asiyaache pembezoni. Asitunze mbegu zake. Palizi iwe safi ili vidukari wakose maficho. Na kila anapochuma, awe na maji ya sabuni, anawe, aoshe na kisu, aanze na mazima. Restuta aliitikia kila neno na hakusikia hata nusu. Jenista alilazimika kuyaandika kwenye karatasi.

Chai waliinywa. Pikipiki ikaondoka.

*

Ezron alikuwa ameiona pikipiki ile. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya migomba, alikuja mpaka mpakani, jembe begani, akasimama upande wake.

"Shemeji, bibi shamba amesemaje?"

Restuta alikuwa na njia nyepesi sana mkononi mwake wakati ule. Bibi shamba alipokagua, hakuna aliyekuwa shambani isipokuwa yeye na yule msichana. Msichana hakumjua Ezron, wala hakuna sababu ya yeye kurudi na kusimulia. Kosa lilikuwa limekwisha kukubaliwa mbele ya wazee, limekwisha kusamehewa, na mwenye kulikubali alikuwa anaamini ni lake.

"Amesema ning'oe," alisema.

Lilikuwa neno la kweli. Ezron alishusha jembe.

"Yote?"

"Mistari ya huku."

Ezron alitazama mistari ile kwa muda mrefu. Restuta aliona taya lake likisogea kama mtu anayetafuna kitu kigumu. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Najua nilishasema. Ila nisamehe tena." Akageuka, akarudi kwenye mahindi yake, akikanyaga kwa uangalifu kama wanavyokanyaga watu wa mgongo.

Restuta hakuanza kung'oa kesho yake. Wala kesho kutwa. Alikaa ndani akapepeta mchele ambao hakuupika. Alijaribu kujiambia kwamba Ezron kweli alipuliza upepo ukivuma, na mtu akipuliza upepo ukivuma anastahili kufundishwa. Alijaribu kujiambia kwamba ukisema, mdomo wako hautaaminiwa tena, na siku ndugu wa mume watakapokuja kweli kupima shamba, utasimama kwenye kikao kipi? Hili la pili lilikuwa na uzito, na alilizungusha siku nzima. Lakini kila alipofika mwisho wake alimkuta Ezron amesimama mpakani akiomba radhi kwa mara ya pili, na akajua kwamba kwa miaka minne alikuwa akijilinda na adui ambaye hakuwahi kutoka nyumbani kwake kuja.

Siku ya tatu asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda shamba, alijifunga khanga mbili akaenda.

Yunisi alikuwa akikoroga uji. Alimwona, akaitikia hodi kwa sababu hodi lazima iitikiwe, na hakusema karibu. Ezron ndiye aliyesema karibu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, akijipaka dawa ya kuchua kiunoni.

"Nimekuja kusema jambo," alisema Restuta akiwa amesimama. "Yale majani hayakuwa dawa yako, shemeji. Ni ugonjwa. Ulikuja na vidukari, halafu mimi ndiye niliyeueneza kwa kisu changu nilipokuwa nachuma. Bibi shamba amenionyesha. Maboga ya mpakani kwako ni mazima, hata maharage ni mazima. Ulipouliza juzi nilijua. Sikukwambia."

Kijiko cha Yunisi kilisimama ndani ya sufuria.

"Rudia," alisema Ezron.

Akarudia. Kulisema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi.

"Lakini upepo ulikuwepo," alisema Ezron. "Niliuona."

"Ulikuwepo. Haukuleta kitu kwangu."

"Kwa hiyo sikuharibu."

"Hukuharibu hata shina moja."

Ezron aliinuka kwa shida, akaegemea ukuta, akatoka nje bila kuvaa viatu. Walimsikia akizunguka nyumba, hatua zake zikifika nyuma, kwenye zizi, zikisimama. Hakurudi.

Yunisi aliweka sufuria chini. Hakupaza sauti. "Dada," alisema, "wiki tano. Mume wangu ananiamsha alfajiri ananiuliza, hivi mimi ni mtu wa namna gani, nimempulizia sumu mke wa Anyosisye. Mimi namwambia lala. Anatoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Mgongo wake unauona." Alipangusa mikono yake kwenye gauni. "Ulisema wapi lile la kwanza?"

"Kwa mwenyekiti. Mbele ya watu."

"Basi na hili ukaseme hapohapo."

"Nitasema."

"Uji huu ni wa sisi wawili," alisema Yunisi, na Restuta akaelewa kwamba aondoke.

Alisema Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwa mzee Zabron, mbele ya wazee wote wanne na watu wengi zaidi kuliko wa mara ya kwanza, maana habari ilishatangulia. Hakusema mengi. Alisema alimsingizia shemeji yake, kwamba hakuwa amechunguza, na kwamba lile alilolisema kuhusu kufukuzwa kwenye ardhi hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumfanyia. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema kwa Kinyiha, lugha ya pale, neno kuhusu Wandali ambalo Restuta alilielewa vizuri sana, akaliacha lipite.

Mzee Zabron alikuna kidevu. "Na sisi," alisema, "tulikwenda kuangalia, tukaishia njiani. Hakuna aliyeingia shambani. Tukarudi na hukumu." Aliwatazama wale wazee watatu wenzake mmoja mmoja, na mmoja wao, yule aliyesema ni sumu, akaangalia miguu yake.

Ezron alikuwepo. Alipoulizwa kama ana neno, alisema hana. Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika, alimpita Restuta na kusema, bila kusimama, "Nimesikia, shemeji." Ni hayo tu.

Restuta alianza kung'oa Jumatatu. Mistari saba. Ilimchukua siku nne, akiburuta mabua mpaka kwenye shimo aliloliagiza lichimbwe nyuma ya nyumba, na sehemu iliyobaki wazi ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa kabla hajapanda chochote. Alimpelekea Bana Mercy ujumbe kwamba mpaka Aprili hatakuwa na majani. Akapanda mbegu mpya za kununua mwezi wa tatu, katika kona iliyo mbali, na ndoo ya maji ya sabuni akaizoea kama alivyozoea kisu.

Mambo hayakurudi yalivyokuwa. Mchungaji alimwomba Ezron arudi mezani, naye akajibu kwamba aachwe kwanza, atasema mwenyewe. Kipande kilichobaki cha mahindi alikipuliza dawa asubuhi moja tulivu, moshi wa jikoni ukipanda wima juu ya mapaa. Kabla ya kuanza alikuja kumwambia Restuta anataka kupuliza, na kuuliza kama anaona jani lolote likitikisika. Walisimama pamoja dakika kadhaa wakitazama migomba. Hakukuwa na upepo. Watoto bado walimwita Mzee Sumu, kwa mazoea, na jina likapoteza maana yake ila halikupotea.

Yunisi hakumsalimia Restuta Machi yote. Wiki ya Pasaka alikuja nyumbani kwake mchana, akasimama uani.

"Yale maboga yangu ya nyuma ya jiko," alisema, akitazama pembeni. "Yana njano."

Restuta alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini. "Majani ya juu au ya chini?"

"Sijui. Yana njano tu."

"Twende tukaone."

Yunisi alitangulia. Maboga ya Yunisi yalikuwa mashina manane tu, kwenye udongo mwekundu uliofagiwa kila siku mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Restuta alichuchumaa. Hakuyagusa kwanza. Alitazama ncha: majani machanga yalikuwa mapana, ya kijani, hayana baka. Aligeuza moja kwa kijiti, akatafuta chini yake, hakuona kitu. Akashuka taratibu kufuata ubua mpaka kwenye majani mazee ya shinani, na pale njano ilikuwepo, moja, iliyotulia, imeanzia ukingoni na kuenea jani zima. Alichokonoa udongo kwa kidole. Alichukua muda wake. Yunisi alikuwa amesimama nyuma yake, na kivuli chake kilikuwa juu ya mikono ya Restuta.

"Umeyawekea nini?"

"Maji tu."

"Yana njaa. Shina linayala majani ya zamani ili lilishe mapya. Samadi ya zizini, iliyokwisha kuoza, beseni moja kwa mashina mawili. Utaona baada ya wiki mbili."

"Si ule ugonjwa?"

"Si ule. Ni njaa."

Yunisi aliyatazama maboga yake kama anayaona upya. Kisha aliingia jikoni, akakaa humo kidogo, akatoka na kigoda, akakiweka kivulini.

"Kaa basi," alisema.

Restuta alikaa.